Mapenzi Yasiyo na Shahidi

 Uko Masasi mjini, uko Ndanda, uko Lulindi, uko huko juu Newala, Kitangari au Mnyambe, popote redio yako ilipo, karibu tukae. Leo nazungumzia simu na mapenzi. Najua limesemwa sana jambo hili, na mara nyingi husemwa kwa lawama: simu imevunja ndoa, simu imeharibu vijana, basi. Sitaki kulaumu upesi hivyo. Nataka tutazame mambo yanavyokwenda kwetu hapa kusini, maana watu wa Masasi na Newala wana namna yao ya kupendana, ilikuwapo kabla ya simu, na simu imeingia katikati ya namna hiyo ikaibadilisha mahali ambapo wengi wetu hatujapatazama.

Tuanze na hela, kwa kuwa huko ndiko wapenzi wengi wanakopimana siku hizi. Kijana wa Chikundi yuko Kariakoo, anauza viatu. Mchumba wake yuko nyumbani. Jumamosi jioni kijana anatuma elfu kumi. Ujumbe wa muamala unaingia, binti anausoma, anashukuru. Lakini elfu kumi ile akienda kwa wakala haitoki elfu kumi, ada itakatwa. Wiki inayofuata kijana anatuma tena, safari hii ameongeza na ya kutolea. Msikilizaji, hiyo nyongeza ni fedha ndogo, pengine haifiki bei ya soda mbili. Lakini binti anayeipokea anaijua thamani yake. Aliyetuma na ya kutolea amefikiri mpaka mwisho wa safari. Amemwona mwenzake akitoka nyumbani juani, akifika kibandani kwa wakala, akisimama nyuma ya watu watatu, akihesabu. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilipoanza nchini mwaka 2008, sidhani kama waliopanga viwango vya ada walijua kwamba ada hiyo itageuka kipimo cha kujali. Na tozo ya miamala ilipoingia Julai 2021, kutuma na ya kutolea kukawa kugumu zaidi, na walioendelea kuituma wakahesabiwa hivyo hivyo, kwa vidole, na mama wakwe.

Nimeanza hapo kwa sababu nataka mtu asidhani kwamba ukaribu wa simu ni wa uongo. Upo, na ni wa kweli. Mtu anaweza kukaa kilomita mia tano na zaidi kutoka kwako na ukajua kwamba amekuwaza leo, na kwamba amekuwaza kwa makini.

Na umbali wenyewe si jambo jipya kwetu. Babu zetu wa uwanda huu walikwenda Tanga kwenye mkonge, wakaitwa manamba, wakakaa huko miaka. Wengine walirudi na baiskeli na vitambaa, wengine hawakurudi. Waliobaki nyumbani walipata habari kwa mtu. Anashuka mtu aliyekuwa kambi moja na mumeo, anakuja mpaka uani, anakaa, anapewa maji, na maji yenyewe huku juu uwandani yalikuwa ya kufuatwa mbali bondeni, kwa hiyo kumpa mgeni maji ilikuwa heshima kubwa. Ndipo anasema: mwenzio hajambo, anakusalimu, amenipa hiki. Anatoa kanga. Kanga ina maandishi, na kabla jioni haijaingia majirani wote wameshayasoma.

Baadaye zikaja barua. Barua ya Newala ilipitia sanduku la posta la shule, la parokia au la msikiti, kwa sababu watu wachache walikuwa na sanduku lao. Masika yakikolea na Rufiji ikifurika, barabara ya Dar es Salaam ilikatika, na barua ikakatika nayo. Hali hiyo tumeishi nayo mpaka mwaka 2003, Daraja la Mkapa lilipofunguliwa. Barua ikifika, mara nyingi mwenye kuandikiwa hakuweza kuisoma. Aliitwa mtoto wa darasa la tano, akakaa kwenye kigoda, akamsomea shangazi yake maneno ya mumewe. Yule mwanamume alipokuwa akiandika alijua kabisa kwamba mtoto atasoma. Kwa hiyo aliandika kwa namna ya kupitika masikioni mwa mtoto, na mkewe, akisikiliza, aliyachukua yale yaliyokuwa yake kutoka katikati ya salamu za mbuzi na za shamba. Palikuwa na ustadi hapo ambao sijui kama vijana wetu wanaupata siku hizi.

Na redio hii unayoisikiliza nayo ilifanya kazi hiyo. Wakati wa Radio Tanzania Dar es Salaam watu walinunua kadi za salamu, wakaandika majina, na nchi nzima ikasikia fulani wa Masasi anamsalimu fulani. Matangazo ya vifo yalikuja kwa njia hiyo hiyo, na aliyesikia jina la ndugu wa jirani yake alitoka mbio kumwambia.

Unaona kinachofanana katika yote haya? Kila mahali palikuwa na mtu wa tatu. Mleta kanga, msoma barua, jirani mwenye redio. Na lilipofika suala la kuoana, watu wa katikati waliongezeka badala ya kupungua. Mshenga alitumwa. Mjomba aliketi. Sisi wa huku, Wamakonde, Wamakua na Wayao, tunahesabu ukoo kwa mama, na kwa hiyo kaka wa mama ndiye aliyekuwa na neno kuhusu mpwa wake kuliko hata baba mzazi. Nyakanga, kungwi wetu wa unyago, alimfunda binti akiwa ndani. Mapenzi ya watu wawili yalibebwa na watu saba, nane. Ndiyo maana yalipolegea, palikuwa na mtu wa kurudi kwake na kusema: mjomba, ulikuwapo, uliyasikia, sasa tazama.

Simu imemwondoa huyo mtu wa katikati. Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, na mengine yote nitakayoyasema yanatokana nalo.

Kuna kisa cha zamani kinachonisaidia kulieleza. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vilipokuwa bado vibichi, Mjerumani mmoja aliyeitwa Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alifika Masasi, kisha akapanda Newala. Alikuja na mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta. Watu wa huku waliimba mbele ya tarumbeta ya mashine ile, na sauti zao zikabaki ndani ya nta zilipokwisha kutoka kinywani. Kwa hiyo sauti ya mtu wa Newala ilitenganishwa na mwili wake zaidi ya miaka 110 iliyopita, hapa hapa, wala haikuanza na simu janja. Lakini fikiria hali ilivyokuwa: walioimba waliimba mbele ya kijiji, wakiitikiana, kila mmoja anajua nani anaimba na kwa nini. Leo binti amelala kitandani Mkunya, amevaa visikilizio, sauti ya mwanamume inaingia sikioni mwake, na aliye chumba cha pili hajui hata kama binti yuko macho. Mashine zote mbili zinanasa sauti. Kijiji ndicho kilichotoweka.

Hapa nikae kidogo, kwenye hizi sauti tunazotumiana, kwa sababu ni jambo zuri na halisifiwi inavyostahili. WhatsApp ilianza kuwaruhusu watu kutumiana sauti mwaka 2013, na nadhani hakuna kitu kwenye simu kilichowafaa watu wa uwanda wa Makonde kuliko hicho. Wazee wetu wengi hawakuzoea kuandika. Na hata sisi tuliosoma tulifundishwa kuandika Kiswahili, wachache sana waliowahi kuandika Chimakonde hata kwenye karatasi. Kwa maandishi mtu anakuwa mgeni kidogo kwa mama yake. Kwa sauti anarudi nyumbani. Bibi wa Malatu anabonyeza, anashikilia, anazungumza Chimakonde chake chote, na vikohozi vyake, na jogoo wanasikika nyuma, na mjukuu wake aliye Mbagala anasikiliza ndani ya daladala na machozi yanamlengalenga. Anaisikiliza tena usiku. Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, kule Mueda, ambao ni ndugu zetu wa damu, nao wanazungumza na watu wa Newala kwa njia hiyo, na Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 liko mbali na wengi wao kuliko simu ilivyo mfukoni.

Wanandoa pia. Wengi wanagombana kwa maandishi na kupatana kwa sauti. Mwanamke anaandika "sawa", neno moja, na mume anaumia siku nzima kwa neno hilo kwa sababu halina uso. Angemsikia akilisema, angejua ni sawa ya uchovu au sawa ya hasira.

Lakini ziko zile alama mbili za bluu. Mnazijua. Tangu mwishoni mwa mwaka 2014 WhatsApp inakuonyesha kwamba uliyemwandikia amesoma. Zamani ukimya wa mwenzio ulikuwa na sababu nyingi: mto umefurika, dereva amesahau, mwalimu mwenye ufunguo wa sanduku amesafiri. Uliweza kungoja wiki tatu bila kumshuku mtu. Leo ukimya wa dakika arobaini ni kesi. Umeona, hujajibu. Ulikuwa hewani saa tano na nusu usiku, ulikuwa unaongea na nani? Na hapa ndipo watu wa mjini na watu wa huku wanapoumizana bila kukusudia. Aliye Dar es Salaam ana umeme, ana mtandao, simu yake haizimi. Aliye Mnyambe pengine anachajisha dukani kwa kulipia, bando lake limekwisha Alhamisi, mvua imenyesha na paneli ya sola haikupata jua, na shambani kwake mtandao unapatikana ukisimama chini ya mkorosho mmoja tu. Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilitia saini mwezi Mei 2023 mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, na kila mnara unaosimama unapunguza ugomvi katika nyumba kadhaa, nami nasema hivyo kwa dhati. Lakini mpaka hapo, wewe uliye mjini, kabla hujamshuku mwenzio uliza kwanza kuhusu chaji.

Tulipata funzo tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikapotea karibu nchi nzima. Watu waliokuwa wakichati mwezi mzima bila kusikiana walilazimika kupiga simu ya kawaida, na ndipo wakasikiana tena.

Sasa niingie kwenye msimu, maana huwezi kuzungumzia mapenzi ya Masasi na Newala ukaiacha korosho.

Mwezi wa kumi minada inaanza. Vyama vikuu vyetu viwili, TANECU upande wa Newala na Tandahimba, MAMCU upande wa Masasi na Mtwara, vinakusanya korosho za vyama vya msingi na kuziuza kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza huku mwaka 2007. Ni mfumo uliomwokoa mkulima na mengi, siupingi. Lakini angalia fedha zinavyofika nyumbani. Zamani malipo yalikuwa jambo la hadharani. Watu walipanga mstari, mke alijua siku, watoto walijua siku, jirani alijua, na mwenye duka aliyekuwa anadai alikuwa amekaa pale pale chini ya mwembe. Sasa mkulima analipwa benki. Ujumbe unaingia kwenye simu, unasomwa, unafutwa. Mke aliyepalilia, akaokota, akabeba magunia, anaweza asijue kilo zimeuzwa bei gani wala lini. Na simu ile ile iliyoficha malipo ndiyo inayoficha mtu wa pili.

Wanaume wenzangu mnisamehe, na kama hamtanisamehe nitasema vile vile. Tunajua kinachotokea msimu ukianza. Laini ya pili inatolewa kwenye pochi. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulikamilishwa kwa amri, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, na bado kufikia mwisho wa mwaka 2024 laini za simu nchini zilikuwa zimepita milioni 80, wakati sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu milioni 61 na ushee, watoto wachanga wakiwamo. Zipo sababu nzuri za mtu kuwa na laini mbili. Mtandao huu haushiki Newala, ule haushiki Masasi. Lakini tusidanganyane kwamba zote ni kwa ajili ya minara.

Na wako wanaojua kwamba msimu umefika huku kuliko hata sisi tunavyojua. Picha ya mwanamke mzuri, imechukuliwa kwenye ukurasa wa mtu asiyehusika kabisa. Salamu za asubuhi na za usiku. Umekula? Umelala salama? Wiki mbili, tatu, mwanamume wa miaka hamsini anahisi kwamba tangu aoe hajawahi kuulizwa kama amekula. Kisha: natamani kuja, lakini nauli. Nauli inatumwa, na ya kutolea, na nauli inaliwa. Watu huwa wanacheka sana wakisimulia habari za kula nauli, kwenye magenge na kwenye mabasi. Mimi sijaona cha kuchekesha. Mtu huyu ametoa hela ya salfa ya mikorosho ya mwaka ujao, na alichokuwa akikinunua, kwa kweli, kilikuwa swali la umekula. Ukitumiwa ujumbe wa utapeli, iko namba 15040 ya kuripoti, ipo kwa kazi hiyo. Ila 15040 inafika hela ikiwa imeshakwenda. Mshenga angefika kabla. Shangazi yeyote wa Masasi angeuliza swali moja tu kabla ya senti kutoka: huyo binti ni wa nani?

Kwa upande wa vijana, hasara ni nyingine na inaniuma zaidi. Nimesema simu imeondoa shahidi. Cha kusikitisha ni kwamba imeleta hadhira badala yake. Shahidi wa zamani alikuwa mtu mmoja anayekufahamu, anayejua jina la mama yako, anayeona haya ukiaibika kwa sababu aibu yako ni yake. Hadhira ya simu ni watu mia mbili wa kundi la WhatsApp, nusu yao hawakujui. Binti wa kidato cha tatu anamwamini kijana, anamtumia picha. Uhusiano unavunjika, kama mahusiano mengi ya umri huo yanavyovunjika, bila kosa kubwa la mtu. Zamani kingebaki kinyongo, kikaisha. Sasa picha inakwenda darasani, inakwenda kijiweni, inamfikia kaka yake. Binti anaacha shule. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono, na anayesambaza anaweza kufungwa, hata kama hakuipiga yeye, hata kama alipokea na kupitisha tu. Nimeitaja hiyo makusudi kwa ajili ya wale wanaosema "mimi nilitumiwa". Ukipitisha, umesambaza.

Na sisi ndio watu wa unyago. Hakuna watu katika nchi hii waliowekeza katika faragha ya mwili wa mwanamke kama wanawake wa kusini. Binti aliwekwa ndani, akafundwa na nyakanga na wasaidizi wake, mwanamume hakukaribia, na yaliyosemwa humo hayakutoka. Haikuwa siri ya aibu. Ilikuwa siri ya heshima, na kila mwanamke wa kijiji alikuwa mlinzi wake. Hata Weule yule, pamoja na silinda zake, alikuja pia na kamera, na ngoma za unyago ni miongoni mwa mambo aliyoyapiga picha. Kwa hiyo jicho la mashine kuchungulia mambo ya unyago halikuanza jana. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa mgeni mmoja aliyeondoka. Siku hizi mchunguliaji ni mpwa wetu, amesimama ndani ya uzio, simu mkononi, na jioni ile ile mafunzo yako mtandaoni na muziki umewekwa juu yake.

Sasa kuna msikilizaji anayesema: unatamani turudi zamani. Hapana, mama, sitamani hivyo, na ngoja nieleze.

Mtu wa katikati hakuwa mwema siku zote. Wako wajomba waliokubali posa kwa niaba ya mpwa wao bila kumuuliza. Wako mabinti waliotoka unyagoni, wakafundwa kidogo, wakaolewa hawajamaliza kukua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka kumi na mitano kwa idhini ya wazazi; mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kuipinga akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikasimama na hukumu hiyo mwaka 2019. Katika ndoa kama hizo mashahidi walikuwa wengi, wote walikula pilau, na binti ndiye aliyekosa sauti. Simu imempa sauti hiyo. Binti wa Lulindi anaweza leo kumwandikia dada yake aliye Mtwara: wanataka kunioza, njoo. Anaweza kupiga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, bila kulipa. Anaweza kumjua kijana kwa maneno yake mwenyewe kwa miezi kabla hajamwona, na akamkataa kwa maneno yake mwenyewe. Huo ni uhuru wa kweli, na atakayetaka kuuchukua kwa jina la mila atanikuta mlangoni.

Kwa hiyo simtaki mwamuzi wa zamani. Namtaka shahidi. Mwamuzi anakuchagulia. Shahidi anajua tu: anajua kwamba mtu fulani yupo katika maisha yako, anajua jina lake na kwao, na ukipotea njia anajua pa kuanzia kukutafuta.

Na hilo linawezekana kwa simu ile ile. Kwanza kwa wale ambao tayari ni mke na mume, wametenganishwa na kazi. Walimu wako wengi hapa, wauguzi wako wengi, mke yuko Newala na mume yuko Dodoma. Nimesikiliza watu wengi wa namna hii wakieleza jinsi walivyopoa, na kinachotajwa ni kile kile: simu zao ziligeuka ripoti. Ada ya mtoto. Bati za nyumba. Salfa imepanda bei. Umetuma? Nimetuma. Usiku mwema. Hawakugombana, hawakudanganyana, waliishiwa tu mambo madogo. Wenzao waliodumu wanasimulia vitu visivyo na maana yoyote: leo kuku ametaga juu ya begi langu, mwalimu mkuu amevaa viatu viwili tofauti, nimekula ming'oko nikakukumbuka. Mtu anayejua ulikula nini mchana yuko ndani ya nyumba yako hata akiwa Dodoma. Na yupo mwingine ambaye amekaa kwenye kiti kile kile cha sebuleni na mkewe, bega kwa bega, kila mmoja na kioo chake, na tangu magharibi hawajasemezana. Hao sina haja ya kuwaeleza zaidi, wanajijua.

Kwa wanaochumbiana, nina ombi moja kwa vijana na moja kwa wazee. Vijana, mapenzi yenu ya simu yakifika miezi miwili mitatu, yatafutieni mtu mmoja wa kuyajua. Asiwe kundi zima. Awe dada, awe shangazi, awe rafiki mwenye kifua. Mpe namba ya huyo mwenzio, mwambie anaitwa nani na ni wa wapi. Ukiona huwezi kumwambia hata mtu mmoja, jiulize kwa nini.

Wazee nao, mkiambiwa, msigeuke polisi. Vijana wengi wanaficha kwa sababu wanajua wakisema watapokonywa simu. Na mama nyakanga, nakuomba kwa heshima zote. Shule zikifungwa na mabinti wakiingia ndani, ongeza somo la simu kwenye mafunzo yako. Wewe ndiye unayejua kumweleza binti kuhusu mwili wake bila kumtisha. Basi mweleze na kuhusu picha ya mwili huo, inakwenda wapi ikishatumwa, na amwambie nani akiombwa. Binti atakusikiliza wewe kuliko atakavyonisikiliza mimi hewani.

Ziko familia za huku zimeshaanza kufanya kitu ambacho ningependa kienee. Kijana yuko mbali, nauli ya kuja kujitambulisha hana, au kazi haimruhusu. Basi wanakaa jioni, mama, shangazi, mjomba, binti mwenyewe yupo. Simu inaegemezwa kwenye kikombe katikati ya mkeka, video inawashwa, kijana anaonekana, amevaa shati safi, jasho linamtoka. Mtandao unakatika, wanapiga tena. Hakuna posa siku hiyo, hakuna mahari, ni kuonana tu. Anasalimia kila mmoja, shikamoo zinapokewa. Halafu mjomba anasogea karibu na kioo na kuuliza lile ambalo mjomba wa uwandani ameuliza siku zote kabla ya kuuliza kazi wala kipato: mama yako ni nani, na mjomba wako yuko wapi tumpigie? Kijana wa kweli anataja jina, anataja kijiji, na mara nyingi kabla hajamaliza shangazi mmoja ameshasema, aa, huyo namjua, tulicheza ngoma pamoja Kitangari. Aliyeazima picha ya mtu hapo ndipo mtandao wake unapokatika, na haurudi tena.